Kijiji cha pamba, kikopo cha plastiki na swali la merikani

*Wasaka visanduku kwa setilaiti wanapita katika vijiji vya viwanda vya kale nchini Marekani. Je, mchezo wao unaifukua historia au unaifukia zaidi?*

Kwenye ukingo wa mto Branch, katika kijiji cha Slatersville jimboni Rhode Island, maji yanaporomoka juu ya ukuta wa bwawa karibu na jengo refu la mawe lenye safu za madirisha yanayolingana. Anayefika hapo kwa ajili ya msako halitazami jengo. Macho yake yako kwenye simu, ambako mshale unamwonyesha umbali uliobaki: mita 40, mita 15, mita sita. Anainama, anapapasa nyuma ya nguzo ya uzio au chini ya ubao wa benchi, na akibahatika anaibuka na kikopo cha plastiki chenye karatasi iliyokunjwa. Anaandika jina lake la mchezo na tarehe, anakirudisha kikopo kama alivyokikuta, kisha anaelekea nukta inayofuata. Muda wote huo amekanyaga mahali palipochipukia nchini Marekani namna moja ya maisha iliyokuja kuenea sehemu kubwa ya dunia: kijiji kizima kujengwa na mwenye kiwanda, nyumba hadi duka hadi kanisa, ili mashine zisikose mikono.

Je, msakaji huyo ameitembelea historia au ameipita tu? Swali hili linawagawa watunzaji wa majengo ya kale na wapenzi wa mchezo. Wa kwanza wanahofia kuta zao na heshima ya mahali. Wa pili wanajibu kwamba bila mchezo watu wengi wasingetia mguu huko. Hoja ya makala haya ni kwamba msako unaweza kumfundisha mtu habari za kijiji cha kiwanda vizuri kuliko kibao cha shaba kilichopigiliwa mlangoni, kwa sababu mambo makubwa ya kijiji cha aina hii hayakai mlangoni. Mengine yako chini ya maji, mengine kwenye mpangilio wa nyumba, na mengine yako ng'ambo ya bahari, hadi Zanzibar na Tabora. Lakini faida hiyo haiji yenyewe. Inategemea nani anazichagua nukta, na kwenye kila nukta anauliza nini.

Ndoo moja huko Oregon

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya setilaiti za GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kipokezi cha kawaida kiliweza kukosea kwa kiasi cha mita 100; ghafla kosa likapungua mara kadhaa. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, akatia humo vitu vidogo vidogo pamoja na daftari, kisha akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti. Ndani ya siku chache watu wakaipata. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa jiokeshingi. Leo visanduku vilivyofichwa duniani vimezidi milioni tatu, na baadhi viko Kenya na Tanzania. Mchezo huu una babu yake pia: mwaka 1854, huko Dartmoor kusini-magharibi mwa Uingereza, mwongozaji wa watembezi James Perrott aliacha chupa kwenye bwawa la Cranmere ili wanaofika waache kadi zao humo, na hadi leo watu wanasaka visanduku vya mihuri kwenye nyika ile.

Kanuni za mchezo ni chache na zina maana kwa hoja yetu. Kisanduku hakizikwi ardhini. Mwenye ardhi lazima awe ameridhia. Kati ya kisanduku kimoja na kingine ziwepo walau mita 161. Kabla nukta haijachapishwa, msimamizi wa kujitolea huikagua. Zaidi ya hapo, kuna namna nyingi za kusaka. Namna rahisi ni ile ya nukta moja na kikopo kimoja. Namna ya vituo vingi humpeleka msakaji mahali pa kwanza, akahesabu au kusoma kitu kilichopo hapo, akatumia jibu lake kupata nukta ya pili, na kuendelea hadi ya mwisho. Namna ya tatu haina kisanduku kabisa. Tangu 2004, kwa ushirikiano na Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani, kumekuwa na vituo ambako mtu huchunguza mwamba au maporomoko, akajibu maswali, na majibu yake yakawa ndiyo ushahidi kwamba alifika. Namna hizi mbili za mwisho ndizo zinazobeba matumaini ya makala haya.

Kijiji kilichojengwa kwa ajili ya mashine

Samuel Slater alizaliwa 1768 huko Belper, Derbyshire, Uingereza, akafundishwa kazi chini ya Jedediah Strutt, mshirika wa Richard Arkwright, ambaye kiwanda chake cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji kilianza Cromford mwaka 1771. Sheria ya Uingereza ilikataza kupeleka nje mashine za nguo, na mafundi nao walikatazwa kuhama nchi. Slater aliondoka 1789 akiwa na ujuzi wake kichwani. Huko Rhode Island alipata mtaji kwa Moses Brown, mfanyabiashara wa Providence, na mwishoni mwa 1790 mashine zikaanza kusokota nyuzi mjini Pawtucket kwa nguvu ya mto Blackstone. Wafanyakazi wa kwanza walikuwa watoto tisa wa umri wa miaka 7 hadi 12. Jengo la mbao lililojengwa 1793 kwa kazi hiyo bado limesimama, na watalii wanaingia.

Mto Blackstone unaporomoka kiasi cha mita 133 katika safari ya kilomita 74 kutoka Worcester, na kila poromoko lilimvutia mtu mwenye fedha. John Slater, mdogo wake Samuel, alifika Marekani 1803. Pamoja na washirika wa Providence, ndugu hao walinunua ardhi kwenye mto Branch, kijito cha Blackstone, na mwaka 1807 kiwanda cha Slatersville kikaanza kazi. Pawtucket palikuwa na watu tayari. Huku hapakuwa na wa kutosha. Ikabidi kampuni ijenge nyumba, ifungue duka, ipange barabara, na iajiri familia nzima nzima. Baba alipewa kazi ya ujenzi, shamba au kubeba mizigo, nao watoto wakasimama kwenye mashine. Ujira wa familia mara nyingi ulipitia kwenye vitabu vya duka la kampuni, na nyumba waliyolala ilikuwa ya mwajiri yule yule. Mtindo huo ulinakiliwa juu na chini ya bonde lote, na ndiyo sababu Slatersville hutajwa kuwa kijiji cha kwanza cha kiwanda kilichopangwa tangu mwanzo nchini Marekani.

Sasa mtu akifika leo anaona nini? Anaona kanisa jeupe, uwanja wa majani, miti iliyotunzwa, nyumba zilizopakwa rangi vizuri. Anadhani anatazama kijiji cha 1807. Ukweli ni kwamba kiwanda cha kwanza kiliungua 1826 na kikajengwa upya kwa mawe, na sura ya kupendeza ya kijiji kwa sehemu kubwa ni kazi ya Henry P. Kendall, mwenye viwanda aliyekinunua mwaka 1915 na kukirembesha hadi kikafanana na picha ambayo watu wa karne ya ishirini walikuwa nayo kichwani kuhusu New England ya zamani. Kendall alifanya jambo jema kwa majengo, kwani mengi yangeanguka. Lakini alichokihifadhi ni uzuri. Moshi, kelele, vumbi la pamba, watoto waliosinzia wamesimama: hayo hayakuwa na nafasi kwenye urembo ule. Kiwanda chenyewe sasa ni makazi ya kupanga, chenye madirisha mapya na maegesho ya magari.

> Anadhani anatazama kijiji cha 1807. Anachokitazama kwa sehemu kubwa ni urembo wa karne ya ishirini.

Kwa nini mguu unafundisha kuliko kibao

Hapo ndipo msako unapopata kazi. Kijiji kilichorembeshwa humwelekeza mgeni kutazama kinachopendeza, na kibao cha maelezo kwa kawaida husimamishwa pale pale panapopendeza, mbele ya mlango mkuu. Msako hauna lazima ya kufuata mlango mkuu. Nukta inaweza kuwekwa nyuma ya jengo, kwenye mfereji uliokauka, kwenye ncha ya bwawa, au mwisho wa safu ya nyumba za wafanyakazi. Na msako wa vituo vingi una nguvu ambayo kibao hakina: humzuia mtu kuendelea mpaka ajibu. Aliyesoma kibao anaweza kusahau mistari yote kabla hajafika kwenye gari. Aliyelazimika kuhesabu milango ya mbele ya nyumba sita, akagundua kwamba nyumba inayoonekana moja ina milango miwili, na akatumia hesabu hiyo kupata nukta inayofuata, amejua kwa miguu na kwa vidole kwamba watu walibanana humo familia mbili mbili.

Tuchukue maji, ambayo ndiyo nafsi ya kijiji cha namna hii. Mgeni wa kawaida huyaona maporomoko na kuyapiga picha. Msako uliotungwa vizuri ungemwanzishia bwawani, ambako angekadiria tofauti ya urefu kati ya maji ya juu na ya chini, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo iliyozungusha gurudumu. Ungemtembeza kwenye mfereji uliopeleka maji hadi chini ya kiwanda, na kumwuliza kwa nini mfereji una mteremko mdogo kuliko mto. Akishajibu, atakuwa ameelewa kwa nini kiwanda kiko pale na si mita 200 juu zaidi, na kwa nini wenye viwanda walijenga mabwawa ya akiba juu ya mto ili kiangazi kisisimamishe mashine. Hakuna kibao kinachoweza kumfanya mtu atembee mteremko ule akiupima.

Au tuchukue muda. Pawtucket, wafanyakazi na wakazi walikuwa wakiamshwa, wakiitwa kazini na kuruhusiwa kurudi kwa kengele ya kiwanda, na kengele ilikuwa mikononi mwa mwajiri. Siku ya kazi ilizidi saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki. Mei 1824 wenye viwanda walitangaza kuirefusha kwa saa moja na kupunguza kwa robo malipo ya wanawake wafumaji. Wanawake hao wakaacha kazi, mji ukaungana nao, na huo unahesabiwa kuwa mgomo wa kwanza wa kiwandani nchini Marekani. Mwaka 1828 wakazi walichangishana kununua saa ya mji ili wasitegemee kengele ya tajiri. Kituo cha msako kilichowekwa chini ya mnara wa kengele, kikamtaka msakaji alinganishe saa ya kwanza na ya mwisho kupigwa, kinaweza kumwingiza mtoto wa miaka kumi kwenye mgogoro huo haraka kuliko mhadhara.

Wanaopinga wana hoja

Hoja ya kwanza ya wapinzani inahusu uharibifu, nayo haipaswi kupuuzwa. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, ambazo zimejaa New England na Uingereza, ni mahali panapomshawishi kila anayeficha kikopo. Akija msakaji wa kwanza anatoa jiwe moja. Wa hamsini anakuta ukuta umeanza kufumuka. Jibu la wachezaji kwamba kanuni zinakataza kuvunja au kuchimba ni la kweli, lakini halitoshi, kwa kuwa ukuta haujui kanuni. Njia salama ni kuondoa kikopo kwenye majengo ya kale kabisa, na kukiacha kituo cha mwisho tu kiwe na kisanduku, mahali pasipo na thamani ya kihistoria: kwenye uzio wa chuma wa maegesho, au ndani ya maktaba ya kijiji, kwa ruhusa ya mkutubi. Vituo vingine vyote viwe vya maswali. Msakaji anayekuja kwa sababu ya kikopo atakipata, na ukuta utabaki.

Hoja ya pili inahusu wakazi. Slatersville si makumbusho. Watu wamelala humo, wanaanika nguo, wanalea watoto. Mgeni anayepapasa chini ya dirisha la mtu jioni anatisha, hata akiwa na nia njema. Julai 2011, katika mji wa Wetherby huko Yorkshire, Uingereza, kisanduku kilichofichwa mbele ya mkahawa kilidhaniwa kuwa bomu. Barabara ikafungwa na wataalamu wa jeshi wakakilipua. Hakuna aliyeumia, ila tukio lile lilionyesha kwamba ruhusa ya mwenye ardhi haitoshi ikiwa jirani hajui. Kwa hiyo katika kijiji cha watu, nukta zinapaswa kukubaliwa kwenye mkutano wa wakazi kabla hazijatangazwa, na mkazi awe na haki ya kuiondoa iliyo karibu na nyumba yake bila kutakiwa kueleza sababu. Wachezaji wataona sharti hili ni zito. Mimi naliona ni la haki, maana kijiji cha kiwanda kilianza kama mahali ambapo watu waliokaa humo hawakuulizwa lolote.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: kwamba kuugeuza msiba kuwa mchezo ni kuwakosea marehemu. Watunzaji wa urithi wanauliza, mtoto aliyefanya kazi mashineni akiwa na miaka saba awe kidokezo namba nne? Uzito wa swali hili naukubali, lakini siafiki kwamba jibu lake ni kunyamaza. Sehemu hizi tayari zimegeuzwa burudani. Kanisa jeupe na uwanja wa majani ni burudani; nyumba za kupanga zenye jina la kiwanda zinauzia wateja burudani ya ukale. Ndani ya burudani hiyo mtoto wa miaka saba hayumo kabisa. Msako unaomtaja, tena kwenye kituo kisicho na kikopo wala zawadi, unamrudishia nafasi aliyonyimwa. Na mchezo wenyewe umeshathibitisha kwamba unaweza kuvaa adabu hiyo: vituo vya jiolojia vina zaidi ya miaka ishirini sasa, havina hazina ya kuchukua, na wachezaji wanavifuata.

Mamlaka ya hifadhi za taifa za Marekani nayo imesogea. Mwanzoni ilivifukuza visanduku kwenye ardhi yake, na hadi leo haviwekwi bila idhini. Hata hivyo mwaka 2011 ilishirikiana na wadau wake kufungua msako rasmi kwenye njia ya kihistoria ya Kapteni John Smith katika ghuba ya Chesapeake. Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria ya Bonde la Mto Blackstone, iliyoundwa Desemba 2014, ina Slatersville ndani yake pamoja na Ashton, Whitinsville, Hopedale na kiwanda cha Pawtucket. Sehemu kubwa ya majengo yake ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo mamlaka haiwezi kuingiza watalii kila mlango. Hifadhi ya namna hiyo inahitaji njia za kumwonyesha mtu jambo akiwa amesimama barabarani, na msako wa maswali ni mojawapo. Wapo wanaosema waongoza watalii watapoteza kazi. Lakini wao ndio wenye ujuzi wa kutunga maswali yenyewe, na ni haki walipwe kwa kazi hiyo.

Nukta ambazo kijiji kisingezichagua

Kuna pingamizi la nne ambalo wapinzani wenyewe hawalitaji, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Kijiji kikipewa uhuru wa kutunga msako wake, kitachagua nukta zinazokisifu: mvumbuzi, daraja la mawe la 1855, kanisa, bwawa. Kitaishia mpakani. Lakini pamba haioti Rhode Island. Kila robota lililopita mlangoni lilipandwa na kuchumwa mbali, na kwa sehemu kubwa lilichumwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani. Mwaka 1793, mwaka ule ule lilipojengwa jengo la Pawtucket, Eli Whitney alibuni mashine ya kutenganisha nyuzi za pamba na mbegu. Sensa ya 1790 ilihesabu watumwa karibu 700,000 nchini humo; ya 1860 ilihesabu karibu milioni nne. Viwanda vya Kaskazini na mashamba ya Kusini vilikua pamoja. Tena Rhode Island ilikuwa mstari wa mbele kufuma kitambaa kigumu cha bei ya chini mahsusi kwa kuwavisha watumwa hao. Huko Peace Dale familia ya Hazard iliifanya biashara hiyo kwa miaka mingi. Na Moses Brown aliyemfadhili Slater alikuwa muumini wa Marafiki, madhehebu yanayojulikana sana magharibi mwa Kenya, na mpinzani wa utumwa aliyesimama hadharani dhidi ya ndugu yake John, mfanyabiashara ya watumwa. Mtaji wake ukaanzisha kazi iliyoulisha utumwa huo huo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, safari ya pamba haiishii hapo. Mwaka 1833 Edmund Roberts, kwa niaba ya Marekani, alifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, ukiwapa Wamarekani ushuru wa asilimia tano tu. Mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akafika Zanzibar kuwa konseli wao. Meli za Salem zikawa zinashusha majora ya kitambaa kizito kisichopaushwa, kilichofumwa katika mji wa Lowell na baadaye pia katika kiwanda cha Naumkeag hapo hapo Salem. Ndiyo merikani. Wateja wa pwani na bara walikipenda kwa sababu kilidumu, na walikijua kwa mguso. Wafanyabiashara walioleta vitambaa vya kuiga walikataliwa. Huko bara kilifanya kazi ya fedha. Mpagazi alilipwa kwa merikani, hongo ya watemi njiani ilitolewa kwa merikani, na pembe za ndovu zilinunuliwa kwa merikani huko Unyanyembe na Ujiji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, bei Zanzibar ikapanda, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikapata mwanya.

> Pembe zilizonunuliwa kwa kitambaa cha Marekani ziliishia kuwa vibonyezo vya piano katika kijiji kingine cha kiwanda.

Na pembe zilikwenda wapi? Nyingi zilivuka hadi bonde la mto Connecticut, mwendo mfupi kutoka Rhode Island, kwenye vijiji viwili vya viwanda, Deep River na Ivoryton. Kampuni ya Pratt, Read na kampuni ya Comstock, Cheney zilikata humo sehemu kubwa ya pembe zote zilizoingia Marekani, kwanza kwa vitana, kisha kwa vibonyezo vya piano, zikiwa na mawakala wao Zanzibar. Vipande vilianikwa juani kwa wiki kadhaa ndani ya nyumba za vioo ili viwe vyeupe. Ivoryton ni kijiji cha kampuni kama Slatersville: nyumba za wafanyakazi, maktaba, na ukumbi wa burudani uliojengwa 1911, ambao baadaye uligeuzwa jumba la maigizo na bado unafanya kazi. Pembe hizo zilishuka kutoka bara mabegani mwa wapagazi. Wengi walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, wengine walikuwa watumwa. Wote walibeba mzigo wa zaidi ya kilo 30 kwa miezi mitatu au zaidi hadi Bagamoyo. Msako wa Ivoryton usiowataja watu hao haujafika nusu ya njia, hata kama vikopo vyake vyote vimepatikana.

Mtu anaweza kusema kwamba hapa tunaudai mchezo wa mwisho wa wiki kazi ya chuo kikuu. Sidhani. Mchezo huu tayari una chombo kinachofaa. Wachezaji huweka ndani ya visanduku vibao vidogo vya chuma vyenye namba. Anayekiokota kimoja hukihamishia kisanduku kingine, na safari yake hufuatiliwa kwa namba ile kwenye ramani, kutoka nchi hadi nchi. Kibao kimoja kinaweza kupewa lengo la kufuata njia ya merikani: kuanzia Lowell, kupitia Salem, kushukia Zanzibar, kuvuka hadi Bagamoyo na kupanda hadi Tabora. Kingine kifuate njia ya pembe kurudi Ivoryton. Wachezaji wanasafiri na wanapenda kubeba vibao. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika lengo hilo na kueleza sababu yake kwa lugha mbili. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na una walimu na waongoza watalii wanaoweza kutunga maswali ya upande wa huku, mradi mamlaka ya mji iridhie nukta, na kanuni ile ya kutogusa kuta ishikwe huko kwa ukali zaidi, kwa maana kuta za chokaa na mawe ya matumbawe hazivumilii vidole vya watu hamsini.

Kwa hiyo mabishano ya kama visanduku viruhusiwe au vikatazwe yanaliacha pembeni jambo lenyewe, ambalo ni uandishi wa maswali. Hifadhi ya Blackstone ina wanahistoria wake. Kusini mwa Marekani wapo wazao wa watu waliochuma pamba ile, na wengi wao wamechimbua kumbukumbu za familia zao hadi mashambani. Tabora na Bagamoyo ziko simulizi za misafara ambazo wazee na watafiti wanazishika. Watu wa makundi hayo matatu wakikaa pamoja kuuandika msako, Slatersville itakuwa na kituo kimoja ambacho peke yake isingekitunga: mahali marobota yalipoteremshwa, bila kikopo, bila zawadi, na msakaji ataombwa kujibu, kabla hajapewa nukta ya mwisho, pamba iliyoingia kwa mlango huu ilichumwa wapi, na nani, na kwa malipo gani.